Amina Iliyochelewa

Anyango mjukuu wangu, nyakwara,

Kaa chini kwanza ndipo usome. Wewe una tabia ya kusoma kitu umesimama, mkono mmoja una simu na mwingine una chapati, halafu baadaye unasema hukuambiwa. Hii utaisoma ukiwa umeketi huko Homa Bay, na ukimaliza usiipige picha kuwaonyesha wenzako mwandiko wangu. Mwandiko wangu ninaujua. Niliachia shule darasa la tatu, hayo mengine niliyapata ngumbaru nikiwa tayari nina wajukuu, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yananigonga kidevu. Ningekuandikia kwa Kijaluo, lakini wewe unakisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe yenye utelezi. Basi ni Kiswahili, na palipo na kosa wacha pakae.

Sikuandikii habari ya blanketi na sabuni. Mama yako anazunguka na lile begi tangu asubuhi, anatoa, anarudisha, anatoa tena. Habari ya wanaume pia sikuambii, unajua, na usipojua utajua. Nimeshika kalamu kwa sababu moja tu. Leo kanisani, walipokusimamisha wakuombee safari, umeulizwa ulipataje hii nafasi, na wewe ukainamisha kichwa ukasema, "Niliomba tu, nikapata." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa pale kwenye benchi hasira inanipanda mpaka kwenye masikio. Ati uliomba tu! Mungu mwenyewe amesikia hiyo na ameshangaa, maana yeye anajua vile tulimsumbua. Wewe umelala leo ukiwa mtu wa kwanza katika nyumba hii, tangu mama ya mama yangu, kwenda kujifunza kazi kwa fundi aliyelipwa na bajeti ya watu wako mwenyewe, na unaisimulia kama mtu aliyeokota nazi njiani. Sasa nitakuandikia vile ilikuwa, ili siku nyingine ukiulizwa uwe na kitu cha kusema.

Nitaanza na ujinga wangu, kwa sababu ni mwingi na sitaki uuchukue kama urithi.

Mimi nimeuza samaki maisha yangu yote. Samaki hangoji mtu. Ukimtoa bichi, pale ufukoni pa ziwa, asubuhi na jua la hapa, kama hana barafu, saa sita ameanza kukuangalia vibaya. Nimerudisha mbuta nyumbani nikamkaanga kwa machozi kwa sababu hakuna aliyemtaka tena. Na ile mashine ya barafu waliyotuletea pale bichi unaijua: iliharibika, ikangoja fundi wa kutoka Nairobi, fundi hakuja, kuku wakaingia ndani wakataga. Sisi tukasema ni bahati mbaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, kwani hatuna watoto wenye mikono?

Halafu wewe ukamaliza fomu foo ukaja ukaniambia mimi nyanya yako, "Dani, nataka kujifunza mambo ya baridi. Friji, mashine za barafu." Nikakujibu, "Baridi? Hapa Kisumu? Hata Mungu ameshindwa kuileta." Nilifikiri ni mzaha mzuri. Hukucheka. Nikakukatalia kabisa, nikasema msichana hashiki spana, nikakupeleka saluni kwa mama Otieno ujifunze nywele. Na wewe, kichwa kigumu uliyenirithi mimi, kabla mwezi haujaisha ulikuwa umefungua ile mashine ya kukausha nywele ujue inavyopuliza joto. Wanawake wamekaa na vichwa vimelowa, mmoja ana harusi ya dadake saa nane, na fundi wangu amepiga magoti sakafuni na skrubu mdomoni. Mama Otieno alikurudisha kwangu ameshika sikio lako kama mtoto wa chekechea. Lakini aliniambia kitu nje ya mlango. Alisema, "Nyar Seme, hii mashine ilikuwa inanuka moshi tangu niinunue. Sasa hainuki." Nilisikia. Kiburi changu kilikuwa bado hakijashiba.

Nilipokubali, nilikubali vibaya. Nilifikiri kila kitu hupatikana kwa kujuana. Nikaamka mapema, nikachagua mbuta mzuri kuliko wote waliotoka ziwani siku hiyo, nikampeleka nyumbani kwa yule msaidizi wa mheshimiwa wetu wa wadi, kijana wa suruali za kubana anayeshika maiki kwa kila mkutano. Mke wake alinipokea vizuri. Samaki aliliwa. Jina lako halikuandikwa mahali popote, maana hapakuwa na mahali pa kuliandika. Hicho ndicho sikukijua. Nilikuwa nagonga mlango wa nyumba ambayo haijajengwa. Anyango, ukitaka kitu, uliza kwanza kama kipo. Ningeuliza, yule samaki tungemla sisi.

Wewe ndiye uliyeuliza. Ulienda ofisi ya wadi kwa miguu yako, ukamkuta yule binti mpole wa mambo ya fedha anayetumwa na kaunti, na ukarudi ukanikuta nakwangua magamba. Ulikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Ukaniambia kwamba mwaka uliopita kulikuwa na mpango: vijana wa wadi wapelekwe kwa mafundi wakubwa, kaunti iwalipie chumba na vifaa mpaka wahitimu. Wanaiita uanagenzi, sisi zamani tulisema tu fulani yuko kwa fundi. Mpango uliandikwa kurasa za nyuma za rasimu ya bajeti. Kwa mkutano wa maoni ya wananchi haukufikiwa, kwa hivyo hakuna aliyeutetea, na mahali pesa zilipopungua, kilichokosa mtetezi kilikatwa kwanza.

Nikakuuliza, kisu kiko hewani, nani mjinga alifunga mkutano kabla haujafika huko.

Ukaangalia magamba. Ukasema, "Ni wewe, Dani."

Na ilikuwa kweli. Wacha nikueleze vile sisi tulifanya, kwa sababu wewe ni mtoto na ulikuwa unaona kofia tu na vitenge.

Babu yako alipokuwa mtu wa kanjo, yaani baraza la mji, na tukikaa Kaloleni kwa zile nyumba za baraza, bajeti ilikuwa kitu cha wakubwa. Ilizaliwa ndani, ikakua ndani, sisi tuliiona ikiwa imezeeka tayari. Kaunti zilipokuja tukaambiwa sasa ni yenu, njooni mseme. Tukaja. Lakini tulikuja kama tunavyoenda harusi. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinaitwa kumpokea mheshimiwa kwa wimbo tangu kwenye gari mpaka kwenye kiti. Tukishaimba tunapewa soda na mkate, tunakaa nyuma kwenye kivuli tunazungumza habari ya watu. Huko mbele wanasoma mambo ya mitaro kwa Kiingereza. Halafu mtu akichoka, au mheshimiwa akiwa na matanga mahali, yule wa maiki anasema, "Sasa tumwombe mama yetu Nyar Seme atufungie kwa maombi." Na mimi, kwa raha ya kuitwa kwa maiki, nilikuwa nasimama mbio kabla hata sijameza mkate. Watu wanavua kofia. Mimi nafumba macho, nashukuru, nabariki viongozi, amina, kila mtu kwake. Miaka yote hiyo hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda.

Unajua mkutano hapa kwetu haufi mpaka uombewe. Mheshimiwa hawezi kuinuka, gari haliwezi kuwaka. Sasa fikiria: ufunguo ulikuwa mkononi mwangu, na mimi nilikuwa naugeuza upande mmoja tu, kila mara nikiambiwa.

Sikulala vizuri siku hiyo, lakini sikulia pia, mimi si mtu wa kulialia. Niliamka nikaenda kwa Mama Wanjiru, yule jirani yetu wa maziwa na soda baridi, mtu wa Nyeri aliyekaa hapa mpaka anatukana kwa Kijaluo vizuri kuliko wewe. Nilijua mafriji yake yanamsumbua. Nikamwambia mkutano wa bajeti unakuja, na safari hii usikae dukani ukihesabu kwamba mambo ya huku ni ya Wajaluo. Akaniuliza, "Na wakinizomea?" Nikamwambia wakikuzomea watanizomea mimi kwanza, na mimi nina sauti. Halafu nikawaita akina mama wa kikundi. Hao niliwaambia jambo moja tu: siku hiyo mkiniona nimefumba macho, msifumbue yenu mpaka nimalize, hata mvua inyeshe.

Wewe nilikuambia uje na nguo safi na ujue utakachosema. Ulinijibu kwamba huwezi kusema mbele ya watu. Nikakuambia basi usipoweza, rudi ukasuke nywele. Nilikuwa mkali. Sijutii.

Siku yenyewe unaikumbuka kwa upande wako, lakini ulikuwa umejificha nyuma ya nguzo ya hema unakula kucha, kwa hivyo nitakuambia kwa upande wangu. Tulimpokea mheshimiwa kwa wimbo kama kawaida, tena tuliimba vizuri zaidi, nisije nikasemwa kwamba nilikuwa na chuki. Soda zikaja. Nikawaambia akina mama wanywe wakiwa mbele, si nyuma kwenye kivuli. Tukavuta viti mpaka karibu tukanyage viatu vya wakubwa.

Yule wa maiki akaanza. Barabara ya kifusi, sawa. Taa za sokoni, sawa. Halafu geti. Unalikumbuka geti? Walitaka kujenga geti kubwa la kukaribisha wageni kwenye wadi, na juu yake samaki wawili, ngege wa saruji, wakitazamana. Hilo geti lilizungumzwa muda mrefu kuliko maji. Mzee mmoja akataka wawe watatu. Mwingine akauliza watapakwa rangi gani. Mimi nilikuwa nahesabu mawingu upande wa ziwa, nikaona yanasimama meusi, nikajua tu. Na kweli, yule kijana akatazama juu, akatazama saa, akainama kwa mheshimiwa wakanong'ona, akasimama ametabasamu. Akasema mengine yaliyobaki ni madogomadogo, mtayasoma wenyewe, mheshimiwa ana matanga Nyamasaria, na mvua ndiyo hiyo. "Mama yetu Nyar Seme, tufungie."

Nilisimama polepole. Safari hii mkate nilikuwa nimeuacha kwenye sahani. Nikachukua maiki, na wote wakasimama, kofia zikatoka, macho yakafumbwa. Nikaanza vizuri, kama siku zote. Nikashukuru uhai, nikashukuru mvua, nikawabariki viongozi kwa majina. Nikasikia yule kijana amevuta pumzi ya kusema amina. Ndipo nikasema:

"Na tena, Bwana, tunakushukuru kwa kurasa za nyuma ambazo hazijasomwa."

Akina mama wakaitika, "Ee, Bwana."

"Wewe unazijua, kwa maana wewe husomi mbele peke yake. Unaona hapo nyuma pameandikwa watoto wetu kwenda kwa mafundi. Mwaka jana ziliachwa, na aliyezifunga ni mimi mtumishi wako, kwa mdomo wangu huu, na mkate ndani yake."

"Ee, Bwana."

Kijana akasema, "Amina," kwa sauti ya juu, akitumaini watu watafuata. Nikasema, "Bado," bila kufumbua macho, na nikaendelea. Nikamkumbusha Mungu ile mashine ya barafu iliyo nyumba ya kuku. Nikamkumbusha samaki waliooza, mmoja mmoja, karibu kwa majina. Nikamwambia kwamba ngege wa saruji hawahitaji barafu, lakini wale wa kweli wanahitaji. Hapo mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, halafu hema lote likatetemeka na kicheko kilichofungiwa tumboni, maana nani atacheka wazi katika maombi? Nani atamkata mama mzee anayezungumza na Mungu? Nilifumbua jicho moja kidogo tu, unisamehe, nikaona mheshimiwa naye amefumbua lake. Tukaangaliana.

Nikamaliza hivi: "Sasa, Baba, nimefika mwisho, lakini neno la mwisho sitalisema. Tutabaki tumesimama hivi mbele zako mpaka kurasa hizo zisomwe, kwa lugha ambayo hawa watu wako wanaisikia, halafu tutakuja tumalize."

Nikanyamaza. Na hakuna aliyekaa. Hapo ndipo nilijua akina mama wa kikundi chetu ni watu, si soda. Mvua ilikuwa inaanza kutupa matone makubwa juu ya hema, gari la mheshimiwa limewashwa tayari, na watu wote wamesimama kama kanisa.

Sitamsema vibaya mheshimiwa. Mwanaume mwingine angeinuka akaondoka, na mimi ningebaki na maiki yangu na aibu yangu. Yeye alikaa chini. Akafuta uso, akasema, "Mama, keti. Zima gari. Someni hizo kurasa." Na yule binti wa fedha, ambaye siku zote wanamweka mwisho wa meza kama sahani ya ziada, akafungua mahali pake bila hata kutafuta. Akasoma kwa Kiswahili halafu kwa Kijaluo, taratibu, na hakutuficha ubaya: akasema pesa za wadi ni hizo hizo, kikiongezwa hiki lazima kingine kipunguzwe, na kama hatusemi kipi, watatusemea wengine.

Mama Wanjiru akanyoosha mkono. Alisema kwa Kijaluo, makusudi, kwamba yeye hungoja fundi wa friji hata wiki nzima, na maziwa anamwaga mtaroni, na kwamba angemlipa mtoto wa hapa hapa kwa furaha. Hakuna aliyemzomea. Mzee yule aliyetaka ngege wa tatu ndiye aliyesema, "Huyo amesema ukweli."

Halafu wewe.

Nilikuwa nakuangalia kwa macho ambayo yangeweza kukaanga omena. Ukatoka nyuma ya nguzo. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Huyu? Huyu ataweza kubeba kompresa?" Watu wakacheka, na mimi nikafikiri sasa utarudi nyuma ya nguzo. Hukurudi. Ukamgeukia ukamwambia, "Kaka, mama yako alikuwa anabeba karai la samaki kichwani kutoka bichi mpaka sokoni na wewe mgongoni. Ulimuuliza kama ataweza?"

Wacha nikuambie, Anyango. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, nimeona umeme ukiingia nyumbani kwangu. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kelele iliyotoka hapo. Hata yule wa bodaboda alipiga makofi. Ukaendelea, bila maneno mengi, ukasema unataka kujifunza mashine za baridi, na ukihitimu ile ya bichi utaifungua mwenyewe, na kama atachaguliwa mwingine badala yako ni sawa, bora achaguliwe mbele za watu. Hilo la mwisho sikukufundisha. Mimi nilikuwa nataka wewe tu. Wewe uliwaza wenzako. Nilikaa chini nikanyamaza, na watu wanaonijua wanakumbuka kwamba nilinyamaza.

Mengine ni kama ulivyoona. Mtu akauliza wale ngege wa saruji wanakula nini, na geti likafa palepale. Yule binti akaandika maneno yetu, na majina ya waliosema, na watu wakakubali kwa mikono. Ndipo nikachukua maiki tena nikasema lile neno moja, na wakaliitikia mpaka nadhani Kisumu mjini walilisikia. Mvua ikatupata wote njiani. Mama Wanjiru alitembea nayo mdogo mdogo kama mtu aliyelipia.

Hatukuishia hapo, na hili ndilo nataka ulishike. Neno lililosemwa mkutanoni ni mbegu iliyo juu ya udongo. Kuku yeyote hula. Akina mama tulifuata. Tulienda kuketi kwenye bunge la kaunti siku walipojadili, na vitenge vyetu, tumekaa kimya kabisa, na mheshimiwa alipotuona huko juu alisimama akautetea mpango kama wa kwake. Sasa anautangaza kwa kila matanga. Wacha autangaze. Mimi sitaki sifa, nataka barafu.

Na siku ya mahojiano nilibaki nyumbani. Unajua ilinigharimu nini? Miguu ilitaka kwenda. Nilikuwa nimeshika mpaka kitenge cha kuvaa. Lakini ningekuja pale, leo watu wangesema ulipita kwa mdomo wa nyanya yako, na ungekuwa unaubeba huo uvumi kila mahali kama jiwe kwenye kiatu. Nikakaa, nikakwangua samaki ambao tayari nilikuwa nimewakwangua. Walipokupigia simu kwamba umepita, uliangusha simu kwenye beseni la omena, na ukaanza kucheza na mikono yenye magamba, na mama yako akafikiri umeumwa na nge. Ulipita kwa kichwa chako. Hilo hakuna mtu atakunyang'anya, hata mimi.

Sasa huko uendako. Utafika utaambiwa pika chai. Pika. Mwanagenzi anayekataa kupika chai ni mjinga. Lakini ukiona kila mashine inafunguliwa wewe ukiwa jikoni, beba sufuria lako uende ukachemshie chai karibu na mashine. Usiseme unajua kama hujui. Mimi nilijifanya najua miaka mingi na umeona nilivyofunga watoto wa watu nje. Fundi wako akikosea, na atakosea, usimcheke mbele ya wateja. Subiri mko wawili umuulize kama mtu anayetaka kujifunza. Na wasikwambie wewe ni msichana, kaa pale usafishe. Sema unasafisha ukimaliza kufungua.

Na ikifika wakati wa bajeti huko Homa Bay, au popote maisha yatakapokuweka, enda. Usingoje kuitwa kwa wimbo. Keti mbele. Kunywa soda yao, ni kodi yako, lakini usiondoke hata kama mvua inanyesha, hata kama mtu mwenye sauti tamu anakuambia yaliyobaki ni madogomadogo. Huko nyuma kwenye madogomadogo ndiko walikoweka watoto.

Usiniandikie kwamba unanikumbuka. Najua utanikumbuka, nani mwingine atakupigia kelele hivi? Niandikie umefungua nini wiki hiyo na kimekushinda wapi. Mimi sitaelewa, nitampelekea Mama Wanjiru anisomee, na hatutaelewa sote wawili, na tutafurahi. Wewe nyieka wangu, mke mwenzangu kwa babu yako aliyelala, mtani wangu: nilikupeleka saluni na ukatoka, nilikuambia huwezi na ukaweza. Ni mara chache mimi kushindwa, na hii ya kushindwa na wewe ndiyo natembea nayo sokoni kifua mbele.

Kesho ukifika kwa karakana, watakuuliza nani amekuleta. Watu hupenda kuuliza hivyo, wanataka kujua ni mtoto wa nani mkubwa. Usiwatajie mheshimiwa. Usinitaje mimi. Na usiiname tena kama leo kanisani. Simama wima, uwaangalie, useme, "Nimeletwa na wadi yetu. Walisimama kwenye mvua wakakataa kukaa." Halafu uulize spana ziko wapi.

Mimi dani yako,
Nyar Seme.